Samli Kwenye Reli

Karibu na nyumba yangu hapa Unguja kuna mama anayeuza maji ya miwa. Mashine yake ni ya magurudumu ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, na ikifika adhuhuri chuma kile kimeshika moto wa jua, basi maji ya miwa yakikidondokea hutoa harufu ambayo sijui niiteje: tamu, chachu kidogo, na nyuma yake kutu. Watu hununua glasi zao, wakanywa, wakaenda. Mimi nikifika hapo huvuka barabara. Wajukuu zangu wanadhani sipendi miwa. Sijapata kuwaambia kuwa hiyo ndiyo harufu ya baba yangu, na kwamba nilipokuwa mtoto niliiogopa mwaka mzima na zaidi.

Nilizaliwa Bukini, yaani Madagaska, katika kisiwa cha Nosy Be, kwenye mji wa Dzamandzar, nyuma ya kiwanda cha sukari. Asili yetu ni Ngazija. Nyumbani tulisema Kingazija, mtaani Kibuki, shuleni Kifaransa. Kiswahili kilikuwa maneno machache tu ya chuo cha Kurani na ya baharini ambayo nyanya yangu aliyarithi kwa wazee wake. Hiki ninachoandikia nimekipata ukubwani, kwa mume. Kwa hiyo maneno ya watu nitakaowataja nimeyavusha mwenyewe kutoka lugha zao, na nimejitahidi nisimzidishie mtu wala nisimpunguzie.

Baba aliendesha gari moshi la miwa. Usifikirie treni kubwa. Kilikuwa kichwa kidogo cheusi, kinachochochewa kwa kuni, juu ya reli ambazo mtu angeweza kuzisimamia mguu huku na mguu huku. Msimu wa mavuno kilipanda asubuhi mpaka mashamba ya juu, kwenye mabega ya mlima, kikashuka na mabehewa yaliyofurika miwa. Baba alirudi akinuka miwa, mafuta na moshi, na kabla hajanawa niliruhusiwa kumvua kofia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alisema Ba Echati, yaani baba yangu mimi Echati, amezoea kuzungumza kwa filimbi.

Halafu akaja mzungu mmoja akafungua hoteli ndogo pwani ya Ambondrona. Siku moja alipanda mlimani, akayaona kutoka juu yale maziwa yaliyotulia ndani ya vinywa vya milima ya moto ya zamani, akaiona bahari pande zote, akashuka na wazo. Aliomba ruhusa ya kutumia reli siku ya Jumapili, ambapo miwa haisafirishwi. Akatengenezesha mabehewa mawili yenye mabenchi na paa la turubai, yakapakwa rangi nyeupe na buluu. Wageni wakaanza kuja. Walipanda mpaka juu, wakapiga picha, wakashuka kula. Sisi watoto tuliiita treni ya wageni, na tulikimbia kando yake tukipunga mikono.

Wazee hawakupunga mikono. Kwao mlima una mambo yake na yale maziwa yana wenyewe. Mtu anapanda mlima, hana shamba huko, hana kaburi la kuzuru, hana mgonjwa wa kumjulia hali: anafuata nini? Wengine walisema wale wageni wanatafuta dhahabu. Wengine walisema wanapima maji, ili wayahamishe. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa si zamani, na katika siku zile kila mtu alimtazama mwenzake mara mbili: wazungu wangapi wataondoka, nani atakalia viti vyao, na sisi tuliotoka visiwa vya jirani tutahesabiwa wenyeji au wageni. Nilikulia ndani ya manong'ono hayo. Nilijifunza mapema kwamba kila jambo lina upande wake wa nyuma.

Kila mtu alijua nani angeendesha treni ya wageni. Baba ndiye dereva aliyeijua njia ile kuliko wote. Lakini mzungu wa hoteli alimchagua Tombo. Tombo alikuwa Msakalava wa pale pale, kijana kuliko baba, mcheshi, mwenye Kifaransa cha kuchekesha wanawake wa kizungu. Miaka mingi alikuwa mchochea moto wa baba. Baba ndiye aliyemfundisha kushika breki. Alimwita baba Zoky, yaani kaka mkubwa, nami nilimwita baba mdogo. Binti yake, Soa, alikuwa rafiki yangu wa kulala mkeka mmoja. Habari ilipotoka, watu walikuja nyumbani mmoja mmoja kutazama uso wa baba. Baba aliwakaribisha kahawa. Uso wake ulikuwa ule ule, na mimi, kama wao, nikaanza kuuchungulia.

Jioni moja tukiwa tunakula, nilimsikia akimwambia mama, "Kona ya juu itamtupa."

"Itamtupa nani?" mama akauliza.

"Tombo. Hajui kusubiri."

Alisema bila hasira, akaendelea kumega wali. Nilikuwa na miaka tisa, na katika miaka hiyo nilikuwa nimesikia watu wazima wengi wakiapiza, lakini hakuna aliyeapiza kwa upole kiasi kile.

Jumamosi iliyofuata baba aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuingia. "Lile kopo la samli liko wapi?" akamuuliza mama. Mama alikuwa nje anaanua nguo. Akamjibu bila kugeuka kuwa liko juu ya kabati, na alirudishe. Lilikuwa kopo kubwa la bati lenye kifuniko, picha ya ng'ombe imechubuka ubavuni. Baba alilitia kwapani akatoka nalo.

Kesho yake asubuhi nilitumwa kumpelekea nyanya mkate. Nyanya alikaa mashambani juu, na njia ya mkato ilipita kwenye kichaka kilichoelekeana na ile kona. Hapo nikamwona baba. Alikuwa amepiga magoti kati ya reli, peke yake, kopo la samli limekaa kando ya goti. Alichota ndani kwa kiganja, akapaka juu ya chuma, akasukuma kwa vidole mbele na nyuma, kama mtu anayepaka mafuta kichwa cha mtoto. Akasogea hatua moja, akachota tena. Kila mara aliinua macho kutazama mbingu, ambazo asubuhi ile zilikuwa nzito. Kisha akatazama chini ya njia, upande wa mji. Niliona kama anahakikisha hakuna anayemwona.

Sikumwita. Nilizunguka kwa njia ndefu, nikampa nyanya mkate wake, na aliponiuliza kama nimekutana na mtu nikasema hapana.

Manyunyu yalianguka kidogo kabla ya adhuhuri, yakakatika. Nilikuwa nimeshateremka, nikiwa na mama bombani, tuliposikia filimbi ya treni mlimani. Haikulia kama inavyolia siku zote. Ililia moja kwa moja, ndefu, kama mtu aliyesahau kuvuta pumzi, halafu ikanyamaza. Wanawake wote bombani wakaacha ndoo zao. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Imeanguka."

Treni ilikuwa imeteleza kwenye kona ya juu, behewa la nyuma likatoka kwenye reli na kulala ubavu. Hakufa mtu. Mgeni mmoja, mwanamke wa kizungu, alivunjika mkono, na wengine walichubuka. Aliyeumia zaidi ni Tombo. Alikuwa amening'inia kwenye breki kwa nguvu zake zote, na behewa lilipopinduka likakivuta kichwa, mkono wake wa kulia ulibanwa hapo hapo. Alipoteza vidole vitatu.

Baba alikuwa wa kwanza kupanda kumsaidia. Niliwaona wakishuka, baba amembeba Tombo mgongoni, shati lake limelowa damu mpaka kiunoni. Watu walisema, tazama mapenzi ya watu hawa. Mimi nilitazama mikono ya baba.

Siku tatu nilikaa na jambo lile. Siku ya nne Soa alikuwa analia nyuma ya nyumba yao, anasema baba yake halali kwa maumivu, na mimi sikuweza tena. Nilimwambia, "Nilimwona baba anapaka samli kwenye reli." Nilisema kwa sababu nilimpenda. Ndivyo nilivyofikiri wakati ule, na sijapata sababu bora zaidi hadi leo.

Jioni hiyo hiyo mama yake Soa, Vola, alikuja akasimama mlangoni kwetu. Mama alimkaribisha aingie. Hakuingia.

"Nimekuja kuuliza neno moja," akamwambia baba. "Jumapili asubuhi ulikuwa kwenye kona ya juu?"

"Nilikuwepo," baba akasema.

"Ulipaka kitu kwenye reli?"

Mama alikuwa amegeuka kumtazama.

"Nilipaka."

"Ulipaka nini?"

"Muulize mume wako," baba akasema.

Vola alimtazama muda mrefu, kisha akaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na jibu lile lilinikata. Mtu amelala kitandani hana vidole, na yeye anasema muulize. Niliona ni kejeli. Mama pia, nadhani, kwa saa chache, hakujua aone nini. Alimuuliza usiku kucha kwa macho yake, bila maneno, na baba akamjibu kwa neno moja tu asubuhi: kwamba ameshasema ya kutosha.

Askari walikuja wakaandika. Baba aliwaambia alikuwa anakagua njia. Hakuna kilichothibitishwa. Lakini mji mdogo hauhitaji uthibitisho. Neno samli lilitembea kutoka bombani mpaka sokoni, na kila lilipopita liliongezewa chumvi: kwamba baba alipaka makopo matatu, kwamba alifanyiwa dawa, kwamba Wangazija wote wana kinyongo na uhuru wa watu. Ramadhani ilipoingia sahani hazikuja tena mlangoni kwetu, na zile tulizopeleka zilirudi zimefunikwa vile vile. Shuleni Soa alihamia benchi la mbele. Baba aliacha kazi mwenyewe kabla ya msimu kwisha. Tukafunga vyombo, tukapanda meli bandari ya Hell-Ville, tukaenda Mahajanga kwa dada yake mama, mtaa wa Tanambao.

Mahajanga ni mji wa joto, vumbi jekundu na watu wengi, na hakuna aliyetujua. Baba alipata kazi bandarini, kutengeneza winchi za kupakulia mizigo. Kwa wengine tulikuwa salama. Kwangu mimi hapo ndipo wasiwasi ulipokua, kwa sababu sasa nilikuwa peke yangu na siri. Nilikuwa ninaishi na mtu aliyefanya lile, na hakuna aliyekuwa anamchunga ila mimi. Nilitazama alipoweka vitu vyake. Nilinusa mikono yake alipolala mchana. Aliponyoosha mkono anishike tukivuka barabara, nilijifanya nafunga kiatu. Nikipewa chakula na mkono wake nilisubiri mama ale kwanza. Kofia sikumvua tena, na yeye hakuuliza kwa nini. Akawa anaivua mwenyewe na kuitundika.

Jirani yetu Saidi aliuza mkate kwa baiskeli. Breki zake zilikufa, baba akamtengenezea uani kwetu. Niliona chupa ya mafuta, niliona tambara, niliona vidole vya baba vikipita juu ya chuma mbele na nyuma. Saidi alipokuja kuichukua nilimfuata mpaka nje, nikamwambia, "Usiipande."

"Kwa nini nisiipande?"

"Itakutupa. Baba yangu ameipaka kitu."

Saidi alicheka, akaipanda, akapita mtaa wote akiwa mzima. Lakini jioni alimsimulia mama kama jambo la kuchekesha. Mama hakucheka. Alinivuta chumbani, akakaa kitandani, akaniuliza taratibu nani alinitia maneno yale. Nikasema hakuna. Alinitazama, na nikaona kitu kinapita usoni mwake, kama mtu anayefuata uzi na kuufikia mwisho wake. Hakunipiga. Alikaa pale, mikono mapajani, mpaka mama mkubwa alipomwita chakula kinaungua. Baada ya siku ile baba hakunyoosha tena mkono tulipovuka barabara. Alitembea tu upande wa magari.

Mwaka ulikuwa umepita tangu ajali. Ilikuwa alasiri, watu wametoka kuswali, tuliposikia hodi. Nilifungua mimi. Alikuwa Tombo. Alikuwa amekonda, mkono wa kulia mfukoni. Alisema, "Umerefuka, Echati," na mimi nikampisha mlangoni. Niliamini amekuja kulipa kisasi, na sehemu moja yangu ilifarijika kwamba sasa yatakwisha.

Baba alimketisha, mama akaleta kahawa. Tombo hakuigusa.

"Zoky," akasema, "nimekuja kusema niliyopaswa kusema mwaka jana."

"Kunywa kwanza."

"Nikinywa sitasema." Akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza, ule uliobaki na vidole viwili. "Sanduku la mchanga la kichwa kile lilikuwa limeziba. Mimi ndiye niliyekuomba unitilie mchanga kwa mkono kwenye kona ya juu, magurudumu yashike. Ukaanika mchanga wa pwani, ukaupandisha kwenye kopo, ukaupaka. Ukaniambia, ikidondoka mvua hata tone, nisishuke mpaka reli zikauke, kwa sababu mvua na maji ya miwa vikikutana juu ya chuma ni sabuni. Mvua ikanyesha. Wageni wakasema chakula chao cha mchana kinawangoja. Nikashuka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kumbe ndani ya lile kopo la samli mlikuwa na mchanga.

"Na watu walipokuuliza?" mama akasema.

"Vola aliniuliza alipotoka mlangoni kwenu. Niligeukia ukuta. Yule mwanamke wa kizungu alikuwa amevunjika mkono, askari wanatafuta kosa ni la nani. Niliona jela. Halafu nikasikia watu wanasema samli, nikasema moyoni, waache waseme."

Mama alimgeukia baba. "Wewe ulijua haya?"

"Nilijua."

"Ulijua ukanyamaza, ukatutoa kwenye nyumba yetu?"

"Ana watoto watano, Mama Echati. Hana mkono."

"Na mimi wangu ni wangapi?" mama akasema. Hakupandisha sauti. Baba alitazama chini, akakisogeza kikombe cha kahawa karibu na Tombo.

Tombo alifuta uso kwa kiganja. "Kuna jambo moja bado sielewi," akasema. "Samli. Neno hilo lilitoka wapi? Nimemuuliza Soa, anasema amesahau."

"Maneno ya watu hayana kwao," baba akajibu haraka. Baba, ambaye hakuwa na haraka na neno lolote. Hapo nikajua kwamba anajua, na kwamba ananifunika.

Nikasema, "Ni mimi."

Tombo aliniangalia. Akachukua kikombe kile cha kahawa iliyopoa akanywa yote. Hakunilaumu siku ile wala baadaye. Aliporudi Nosy Be aliwakusanya wenzake wa karakana akasema mbele yao kila kitu, na nyanya akatuandikishia barua kuwa sahani zimeanza kuja kwake kutoka nyumba zilizokuwa zimetusahau. Hatukurudi. Baba hakushika tena kichwa cha treni maisha yake yote. Mzungu wa hoteli aliuza hoteli yake akaenda zake, na yale mabehewa mawili ya buluu na nyeupe, kama alivyotuambia Tombo, yaligeuzwa banda la kuku. Hiyo ndiyo historia yote ya treni ya wageni: msimu mmoja wa kiangazi. Mama alimsamehe Tombo kabla hajamsamehe baba, na baba alilazimika kungoja sana.

Lakini nataka kueleza jioni ile. Tombo alikuwa ameshaondoka. Mama alikuwa jikoni, na vyombo vilikuwa vinalia kuliko inavyopasa. Baba alikuwa amekaa pale pale. Aliniita nikae mbele yake, nikakaa.

"Uliniona kutoka wapi?" akauliza.

"Kwenye kichaka. Nilikuwa nampelekea nyanya mkate."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayeipima ile njia akilini, umbali wake, na kitu ambacho mtoto angeweza kukiona kutoka pale. "Ulikuwa na haki ya kuona ulichoona," akasema. "Lakini mwaka mzima, Echati. Tumelala nyumba moja. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilitafuta uongo mzuri, nikaukosa.

"Niliogopa ungesema ndiyo."

Kutoka msikiti wa mtaani adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Baba aliinuka, akaenda uani kwenye mtungi, akakunja mikono ya shati. Niliketi nikasikiliza maji. Alitawadha kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumsikia mtu akitawadha, akaacha, akaanza upya na viganja vile nilivyoviogopa, na mama akatoka jikoni akasimama mlangoni pa uani, naye akimtazama, bila kumwita.